Je, Wajua? Wahunzi wa Ufaransa na Herufi Isiyotamkwa

Uingereza, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi ni Smith, yaani mhunzi. Ujerumani, Schmidt, mhunzi vilevile, anashika nafasi ya pili nyuma ya Müller, msaga nafaka. Ufaransa nako kila kijiji kilikuwa na tanuri, mivukuto na fuawe, lakini huko anayeongoza ni Martin, jina la mtakatifu, askofu wa Tours. Mhunzi humwoni hadi ushuke chini kidogo, na hata ukimwona unaweza kumpita bila kumtambua, kwa sababu ameandikwa Lefebvre.

Je, wajua kwamba Wafaransa wenyewe wameshaacha zamani kumwita mhunzi kwa neno hilo? Leo mfua chuma ni *forgeron*. Katika karne za kati aliitwa *fevre*, neno lililotokana na Kilatini *faber*, fundi wa kazi za mikono. Étienne Boileau, aliyekuwa msimamizi wa mji wa Paris chini ya Mfalme Louis wa 9, alipokusanya kanuni za mafundi wa mji huo mnamo 1268, wahunzi waliingia humo kwa jina hilo la kale. Baadaye neno lilififia midomoni mwa watu. Limebaki mahali pawili tu: ndani ya *orfèvre*, sonara, na ndani ya majina ya maelfu kwa maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kushika nyundo.

Kwa nini mhunzi na si mkulima? Wakulima walikuwa kijiji kizima. Ukisema "Jean mkulima" hujamtofautisha Jean yeyote. Mhunzi kwa kawaida alikuwa mmoja: ndiye aliyetengeneza majembe, mundu, misumari na bawaba, na kila mtu alijua mlango wake. Jean mhunzi, Pierre mhunzi. Kuanzia karne ya 11 na ya 12, vijiji vilipojaa akina Jean na Pierre, lakabu kama hizo zilianza kushika, kisha zikarithiwa na watoto ambao huenda walikuwa wafumaji au wachunga kondoo.

Sasa hiyo b. Je, wajua kwamba katika historia yote ya jina Lefebvre, b yake haijawahi kutamkwa hata siku moja? Kilatini kilipokuwa kikigeuka Kifaransa, b ya *faber* ililainika ikawa v. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini makarani wa kati ya karne ya 14 na ya 16 walikuwa watu waliosomea Kilatini na waliopenda ijulikane hivyo. Wakaona *fevre* inatoka kwa *faber*, wakairudisha b katikati, kando ya v ambayo ndiyo ileile b kwa sura nyingine. Jina likawa na herufi moja mara mbili. Walifanya hivyo kwa maneno mengi: p ya *temps*, g ya *doigt*. Akademia ya Ufaransa, katika kamusi yake ya 1740, ilifuta herufi za pambo katika maelfu ya maneno, ila majina ya watu hayakuwa chini ya kamusi. Ndiyo maana hadi leo mtoto wa Lille anafundishwa kuandika herufi nane na kutamka chache, "Lefevr", na asiyejua akiliona jina mara ya kwanza hukwama.

Kuna kioja kingine juu ya hicho. Zamani u na v zilikuwa herufi moja yenye maumbo mawili, na mwandishi alichagua umbo alilolipenda. "Lefebure" katika daftari la zamani ilikuwa Lefebvre tu. Herufi hizo zilipotenganishwa, koo fulani zikajikuta upande wa u, na kwa kuwa iliandikwa, ikaanza kutamkwa: Lefébure. Louis Lefébure-Wély, aliyefariki 1869, mpiga kinanda mashuhuri wa makanisa ya Madeleine na Saint-Sulpice huko Paris, aliitwa kwa sauti ambayo mhunzi yeyote wa karne ya 13 asingeitambua.

Wakati makarani wakichomeka Kilatini ndani ya Kifaransa, msomi mmoja alikwenda njia ya kinyume. Jacques Lefèvre, mzaliwa wa Étaples, bandari ndogo ya Picardy, alitia sahihi vitabu vyake vya kisomi "Faber Stapulensis", Mhunzi wa Étaples. Lakini kazi iliyomletea matata ni ile ya kutoa maandiko kwa lugha ya watu wa kawaida: Agano Jipya kwa Kifaransa mwaka 1523. Ilimbidi akimbilie Strasbourg, na Biblia yake nzima ilichapwa Antwerp mwaka 1530, nje ya mamlaka ya wanazuoni wa Paris.

Hebu turudi kwenye swali la mhunzi aliyepotea katika orodha. Jibu lake limetandazwa kwenye ramani. Ufaransa ya karne za kati haikuzungumza Kifaransa kimoja, na sehemu kubwa yake haikuzungumza Kifaransa kabisa. Kaskazini kabisa, kuanzia mpaka wa Ubelgiji hadi bonde la Somme, mhunzi ni Lefebvre, na jina hilo ni miongoni mwa yanayoongoza huko. Ukisogea Normandy na kuelekea Paris, b inadondoka: Lefèvre. Karibu na Nantes na Rennes ni Lefeuvre. Mashariki, milima ya Jura, Faivre. Savoie na ng'ambo ya mpaka nchini Uswisi, Favre. Kusini, kwa wasemaji wa Kioksitani, kiambishi "le" hakipo: Faure katika Dauphiné na Limousin, Fabre katika Languedoc na Provence. Gascony, ambako f ya Kilatini iligeuka h, utamkuta Haure. Bretagne walikuwa na lugha yao ya Kiselti, wakamwita Le Goff. Alsace walisema Kijerumani, na huko Schmitt ni jina la kawaida kama mkate.

Wote hao ni mtu mmoja. Lefebvre hukaa ndani ya majina 20 ya kwanza nchini. Lefèvre, Faure na Fabre wamo ndani ya 100. Uingereza mhunzi alipata tahajia moja akashinda. Ufaransa kura zake ziligawanywa na lugha, kisha zikagawanywa tena na kalamu. Kwa maoni yangu hakuna kitabu cha shule kinachoonyesha lugha za zamani za nchi hiyo vizuri kama hesabu hii ya wahunzi, na wala haikukusudiwa.

Hesabu yenyewe inatokana na INSEE, taasisi ya taifa ya takwimu. Faili lake la majina ya ukoo linahesabu waliozaliwa Ufaransa kati ya 1891 na 1990, wilaya kwa wilaya, katika vipindi vinne vya miaka 25. Humo kuna zaidi ya majina milioni moja tofauti. Wengi hushangaa nchi moja inapata wapi majina yote hayo, lakini ukishaona mhunzi mmoja ameandikwa kwa njia kumi na zaidi, mshangao unapungua. Martin ana zaidi ya watu 200,000. Lefebvre ana makumi ya maelfu. Vipindi hivyo vinne vinaonyesha pia watu wakihama: Lefebvre wa mwanzo wa karne ya 20 amejazana kaskazini penye makaa ya mawe na viwanda vya nguo, na baadaye anaonekana zaidi na zaidi Paris na kwingineko.

Wenye jina waliojulikana wanaitii ramani, lakini si mara zote. Georges Lefebvre, mwanahistoria aliyeandika juu ya hofu iliyowashika wakulima mwaka 1789, alizaliwa Lille, huko kaskazini, mwaka 1874. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, mwana wa mwenye kiwanda cha nguo cha Tourcoing, alikwenda Gabon kama mmisionari mwaka 1932, akawa askofu mkuu wa Dakar, kisha mwaka 1988 akatengwa na Kanisa baada ya kuwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Henri Lefebvre, mwanafalsafa aliyeanzisha mjadala wa haki ya kila mtu kuwa na sehemu katika mji wake, yeye alizaliwa kusini-magharibi, Hagetmau, katika nchi ya akina Haure.

Naye François Joseph Lefebvre alizaliwa Rouffach, Alsace, mwaka 1755. Alianza kama askari wa kawaida, akamwoa Catherine Hübscher, dobi, akaishia kuwa marshali wa Napoleon na Duke wa Danzig baada ya kuuteka mji huo mwaka 1807. Inasimuliwa kwamba rafiki wa zamani alimwonea kijicho kwa mali yake. Lefebvre akamwambia yote atampa, mradi ashuke uani, apigwe risasi 20 kutoka hatua 30. Rafiki alipokataa, marshali akamkumbusha kwamba yeye alifyatuliwa risasi nyingi kuliko hizo, na kwa karibu zaidi, kabla ya kupata alichonacho. Cheo chake nacho kina mzaha wake. *Maréchal* kwa asili ya Kijerumani cha kale ni mtumishi wa farasi, na Wafaransa walilitumia kwa mpigilia viatu vya farasi kabla, na hata baada, ya kulipeleka jeshini. Kwa hiyo Maréchal Lefebvre ukimvua medali ni mhunzi mara mbili. Barabara inayobeba jina lake ipo mpaka leo kusini-magharibi mwa Paris, katika mzunguko wa barabara za mamarshali.

Je, wajua ni lini majina haya yalifungwa yasibadilike? Mfalme François wa 1 aliamuru mwaka 1539, kwa amri ya Villers-Cotterêts, mapadri waweke daftari za ubatizo. Mapinduzi ya Ufaransa yaliichukua kazi hiyo kutoka kwa Kanisa mwaka 1792 na kuikabidhi kwa serikali za miji. Kisha ikaja sheria ya 6 Fructidor ya mwaka wa 2, yaani 23 Agosti 1794: raia yeyote asitumie jina la ukoo wala la kwanza tofauti na lililo katika cheti chake cha kuzaliwa.

Angalia tarehe hiyo. "Fructidor", mwezi wa matunda, ilibuniwa na mshairi wa Carcassonne aliyetunga majina ya miezi yote ya kalenda ya Mapinduzi. Alizaliwa Philippe Fabre, mhunzi wa kusini. Aliona Fabre peke yake halitoshi, akajiongezea pambo: Fabre d'Églantine, Fabre wa waridi-mwitu. Alikatwa kichwa 5 Aprili 1794. Miezi minne baadaye sheria ya kukataza watu kujipachika majina ilipitishwa, nayo imeandikwa tarehe kwa neno lake.

Nje ya Ufaransa mhunzi hakupata ulinzi wa sheria hiyo. Walowezi wa karne ya 17 walimpeleka Quebec, ambako Lefebvre angali mwingi. Wazao wao walipovuka kwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Marekani katika karne ya 19, waandikishaji waliandika walichosikia: Lafave, Lefave, Lafever. Wengine walisikia *la fève*, wakatafsiri, na ukoo mzima ukaitwa Bean, maharagwe. Mississippi kuna akina Favre, ukoo wa Brett Favre, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, wanaotamka jina lao "Farv", r ikiwa imeruka mbele ya v, na hakuna anayewasahihisha.

Kusini aliingia baharini. Wafaransa walianza makazi Ushelisheli mwaka 1770, na majina yao yako visiwani hadi leo. Danny Faure, rais wa nchi hiyo kuanzia 2016 hadi 2020, ni Mshelisheli kwa wazazi, lakini alizaliwa Kilembe, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, mahali palipojulikana kwa mgodi wa shaba. Mwenye jina la mfua chuma kuzaliwa penye shaba ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza. Togo nako Faure amegeuka jina la kwanza: Faure Gnassingbé, aliyeshika madaraka mwaka 2005.

Mhunzi ameingia Ufaransa kwa mlango mwingine pia, mlango ambao msomaji wa Lamu au Unguja ataufahamu haraka. Haddad kwa Kiarabu ni mhunzi. Pwani yetu inalijua jina hilo kwa Rātib al-Haddad, uradi wa Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki 1720. Ufaransa limefika pamoja na familia za Kiislamu, za Kiyahudi na za Kikristo kutoka Tunisia, Algeria na Lebanon. Katika faili la INSEE, Haddad amejipanga pamoja na Lefebvre, Le Goff na Schmitt, na tafsiri yao wote ni moja.

Kufuli la 1794 limeanza kulegezwa. Tangu 1 Januari 2005 wazazi wanaweza kumpa mtoto jina la baba, la mama, au yote mawili kwa mpangilio wanaoutaka. Tangu 1 Julai 2022 mtu mzima anaweza, mara moja maishani, kuchukua jina la mzazi mwingine au kuyaunganisha, kwa kujaza fomu tu katika ofisi ya meya. Kwa hiyo hakuna kinachowazuia binti Lefebvre wa Lille na kijana Faure wa Grenoble kumsajili mtoto wao kwa jina Lefebvre Faure. Karani ataandika bila kucheka kwamba amezaliwa Mhunzi Mhunzi.