Je, Wajua? Mwanza, Kampala na Mabomu Yaliyopotea Njia

Je, wajua kwamba shambulio la ndege lililolenga Mwanza mwaka 1979 liliishia kuua wanyama wa kisiwa cha Saanane? Mwishoni mwa Machi, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kulipua matangi ya mafuta mjini. Ikakosa shabaha. Silaha zake ziliangukia kisiwani, wakati huo bustani ya wanyama, zikamjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja na kuua swala kadhaa. Ndege yenye kasi kuliko sauti, na mji mzima ikaukosa!

Libya ilitafuta nini huku? Muammar Gaddafi alikuwa amempa Mwalimu Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda. Mwalimu hakuyaondoa. Baada ya Saanane, ndege za Tanzania zilipiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo.

Je, wajua chanzo cha vita vya Tanzania na Uganda? Novemba 1, 1978 Idi Amin alitangaza kwamba ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa ili tusivuke. Tulivuka.

Jeshi letu lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka kupita 150,000. Humo walikuwamo mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Msomaji wa Butimba hapa Mwanza, unayepita kila siku kando ya gereza kuu, hilo la mwisho lisikupite: vita vile havikuwa vya wanajeshi peke yao.

Je, wajua kwamba serikali mpya ya Uganda ilianza kuundwa Moshi? Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana huko Machi 24 hadi 26, 1979, wakamchagua Yusuf Lule kuwaongoza. Kampala ilikuwa bado mikononi mwa Amin.

Mji wenyewe ulianguka Aprili 10 na 11. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Majeshi yetu yangeweza kuuzingira pande zote, lakini Nyerere aliagiza barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi. Alitaka Walibya waliokuwa wakimsaidia Amin wapate pa kutokea, vita viishe bila kuifedhehesha Libya zaidi. Hao ni wale wale waliotuma ndege Mwanza siku chache tu kabla! Kwa maoni yangu, uamuzi ule una uzito kuliko mizinga yote ya Kampala. Bei yake ni kwamba Amin naye alitoroka kupitia mashariki.

Katikati ya mji aliingia Luteni Kanali Ben Msuya na kikosi cha watu wapatao 800. Hawakuujua mji, na ilibidi wawaulize wenyeji njia. Wakazi walimiminika barabarani wakishangilia, na wengine wakaanza kupora maduka. Luteni Kanali David Oyite-Ojok, Mganda, ndiye aliyetangaza redioni kwamba Amin ameng'olewa.

Je, wajua kwamba Mwanza nayo iliwahi kutekwa? Julai 14, 1916 Waingereza chini ya Jenerali Charles Crewe waliingia mjini, wakiwawahi Wabelgiji waliokuwa wakiukaribia kutoka magharibi. Wajerumani walikimbia kuelekea kusini, baadhi yao kwa vyombo vya majini kupitia ghuba hii hii inayoitazama Butimba. Kuna vitabu vinavyoyasifu mapigano yale. Ukombozi haukuwapo: mkoloni alimpisha mkoloni.

Na Mkoa wa Kagera, wenye ardhi ile aliyoidai Amin, je? Hadi 1979 uliitwa Ziwa Magharibi.

Na Uganda, Siku ya Ukombozi ni Januari 26, ya ushindi wa Yoweri Museveni mwaka 1986, wala si Aprili 11. Kila serikali ina kalenda yake.

Wanajeshi wetu wengi waliofia vita vile vya Amin wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba. Ukisafiri kwa barabara kwenda Bukoba, tenga saa moja ukawazuru.