Tuzikinge Nyumba Zetu na Mafuriko

Chamwino hujulikana zaidi kwa ukame kuliko kwa mvua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa sababu hiyo mtu akitaja bima ya mafuriko, wengi hucheka na kusema kuwa hayo ni mambo ya watu wa Rufiji na Bonde la Msimbazi. Sisi tunasema kicheko hicho ni cha hatari.

Nchi kavu nayo hufurika, ila kwa namna yake. Mvua kubwa ikinyesha juu ya ardhi ngumu iliyopoteza majani yake, maji hayapati pa kuzama. Hukimbilia makorongoni, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi huwa mto jioni. Mmomonyoko wa udongo katika mkoa huu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Maji ya uwanda wetu huchukuliwa na mto Kinyasungwe kuelekea mashariki hadi Kilosa, ambako mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa maelfu ya wananchi majumbani mwao na kuibomoa Reli ya Kati.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, ujenzi umepamba moto. Viwanja huonyeshwa wakati wa kiangazi, na mnunuzi hawezi kutambua mkondo wa maji asipowauliza wazee. Mtumishi aliyejenga kwa mkopo, maji yakiibomoa nyumba yake, hubaki na deni bila nyumba.

Bima si jambo geni wala si la kibepari kwa asili yake. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shughuli za bima ziliwekwa mikononi mwa umma. Sheria ya mwaka 1996 iliruhusu makampuni binafsi, na leo yote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Shabaha ya bima ni ile ile ya kazi ya kusaidiana: wengi huchanga kidogo kidogo, na aliyepatwa na msiba husimamishwa tena. Ndugu zetu Waislamu wanaochelea riba wanaweza kuuliza habari za takaful. Wala kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mja wajibu wa kumfunga ngamia wake.

Hata hivyo, anayenunua bima anunue kwa macho makavu. Kwanza, bima ya moto peke yake isidhaniwe kuwa ni bima ya mafuriko. Mafuriko aghalabu huongezwa kwa ombi la mwenye nyumba, nayo yaonekane kwa maandishi katika hati. Pili, asipunguze thamani ya nyumba ili alipe ada ndogo. Nyumba ya shilingi milioni 40 iliyokatiwa bima kwa milioni 20 huweza kulipwa nusu tu ya hasara, hata kama aliyebomokewa ni ukuta mmoja. Tatu, aulize ni kiasi gani cha hasara atakibeba mwenyewe. Nne, asifiche kwamba nyumba iko karibu na korongo, kwa maana uficho huo huweza kumpotezea haki yake yote. Na akinyimwa haki isivyo halali, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Lakini liko swali zito zaidi. Je, mkulima mwenye tembe la udongo atakatiwa bima na nani? Tembe ni nyumba ya hekima katika nchi ya jua, lakini maji yakisimama katika msingi wake, kuta hulainika na paa zito huanguka juu ya waliolala. Mwenye bima huliogopa, au hudai ada isiyolipika. Hata Marekani, nchi ya matajiri, makampuni yaliyakimbia mafuriko, na mwaka 1968 serikali yake ikalazimika kuanzisha mpango wa taifa. Nayo iliweka sharti: mji utakaoshiriki sharti udhibiti ujenzi katika njia za maji.

Fundisho hilo linatufaa. Bima hulipa hasara, haizuii maji. Kwa hiyo tunazitaka Serikali za Vijiji zitambue mapito ya maji na kuyawekea alama kabla ya msimu, na Halmashauri isigawe kiwanja hata kimoja ndani yake. Tunavitaka vyama vya ushirika na vikundi vya akiba vijadiliane na makampuni ya bima kwa pamoja, maana mkulima mmoja hana sauti mezani, lakini mia wanasikilizwa.

Mapema miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino ili watu wapate nyumba bora. Kuzijenga ilikuwa kazi ya pamoja. Kuzilinda nako kuwe hivyo, na kazi ianze sasa kabla wingu la Desemba halijatanda.