Mto na Barabara kama Darasa: Ufundishaji wa Sayansi ya Mazingira Uwandani, Kilosa na Mikumi

Makala haya yanafafanua nafasi ya Kilosa na Mikumi katika ufundishaji wa sayansi ya mazingira chuoni. Mto Mkondoa, uliofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ukaharibu makazi na reli ya kati, humfunza mwanafunzi kuhusisha udongo unaojaza mkondo na matumizi ya ardhi milimani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, wanyama hugongwa kwenye barabara kuu. Hapo hulinganishwa usafirishaji na uhifadhi. Mtihani wa darasani pekee hupima istilahi, ilhali mtaalamu atakayewashauri wakulima na wafugaji wanaogombea ardhi hana budi kwanza kujifunza kuwasikiliza wote kabla ya kupendekeza tuta au mpaka.