Je, Nyumba Yako Ina Mwanga wa Kutosha?



Mwezi huu sitazungumzia dawa wala chanjo. Nataka tuzungumze juu ya madirisha na taa. Huenda mtashangaa kuona muuguzi anaingilia kazi ya mafundi, lakini ngoja niwaeleze sababu.

Siku moja bibi mmoja alifika kliniki akiwa amembeba mjukuu wake wa siku sita. Alimleta kwa sababu mtoto alikuwa amekataa kunyonya. Alipofika barazani alifunua kanga, akamtazama mtoto kwenye mwanga wa asubuhi, akashtuka kabla mimi sijasema neno. "Sista, mbona nyumbani hakuwa hivi?" Mtoto alikuwa wa manjano tangu machoni mpaka nyayoni.

Nyumbani alikuwa hivyohivyo, ila hakuna aliyemwona. Nyumba yao ni nzuri, ya matofali ya saruji na bati. Lakini mama na mtoto walikuwa wamelazwa chumba cha ndani, chenye kidirisha kimoja kidogo kilichofunikwa kwa pazia zito. Usiku waliwasha kibatari, na mwanga wa kibatari wenyewe ni wa manjano. Ndani ya chumba kile hata mimi, mwenye miaka zaidi ya thelathini kazini, nisingeona kitu. Tulimtibu na manjano yakaisha, lakini yalikuwa yamekwisha kudhuru ubongo. Leo mtoto yule hasikii.

Tangu siku hiyo, nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza madirisha.

MWANGA HUTUWEZESHA KUONA UGONJWA

Dalili nyingi za ugonjwa huonekana kwa macho: manjano, upungufu wa damu, vipele, uvimbe, damu inayotoka kwa mzazi baada ya kujifungua. Chumba chenye giza huficha zote. Kwa hiyo mtoto mchanga atazamwe kila siku katika wiki yake ya kwanza, karibu na dirisha au mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, angalieni weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yakionekana siku ya kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akiwa mlegevu na hanyonyi vizuri, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Tena tiba ya manjano hayo ni mwanga wenyewe, na iligunduliwa kwa macho ya muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Sista Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua. Akawaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa imepoteza manjano, isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Madaktari wakafuatilia jambo hilo, na mwaka 1958 wakatangaza matibabu ya taa. Taa za buluu mnazoziona leo kwenye wodi za watoto zimetokana na uchunguzi ule. Lakini msijaribu kutibu manjano nyumbani kwa kumwanika mtoto juani. Anaweza kuungua au kupata joto kali, na wakati wa kumwokoa ukapita.

MWANGA NA KIFUA KIKUU

Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba baada ya hewa safi, kitu ambacho mgonjwa anakihitaji zaidi ni mwanga. Alikuwa ameona kuwa wagonjwa wodini hulala wakielekea dirishani. Hata leo nikipita wodini naona vivyo hivyo.

Baadaye sayansi ilimwunga mkono. Daktari Robert Koch wa Ujerumani, aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alieleza mwaka 1890 kwamba jua huua vijidudu hivyo. Zama hizo hakukuwa na dawa ya kuponya kifua kikuu, kwa hiyo jengo lenyewe lilifanywa kuwa sehemu ya tiba. Mfano mzuri ni hospitali ya Paimio nchini Finland, iliyofunguliwa mwaka 1933. Msanifu wake, Alvar Aalto, alikumbuka kwamba mgonjwa wa kifua hulala chali mchana kutwa. Basi akaelekeza vyumba kwenye jua la asubuhi, akapaka dari rangi ya kijani iliyopoa, na taa akaziweka nyuma ya kichwa cha mgonjwa ili zisimchome macho.

Karibu nasi zaidi ipo hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Wodi zake zina dari ndefu na madirisha makubwa pande zote mbili, na vitanda vimepangwa ili mgonjwa atazame nje. Watu hupita kwenye baraza za nje badala ya kubanana kwenye ushoroba wa giza, ambamo aliyekohoa huwaachia wengine vijidudu hewani.

Siku hizi kifua kikuu hutibiwa kwa dawa, na anayezitumia bila kukatiza hupona. Lakini nyumba ya giza isiyopitisha hewa bado inasaidia kuueneza. Kumbukeni pia kwamba kioo hupunguza nguvu ya jua ya kuua vijidudu. Dirisha lifunguliwe, lisiwe pambo.

USIKU NA WAZEE

Jicho huzeeka. Mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Kwa hiyo mzee akisema haoni mlango, msidhani anadeka. Wazee wengi tunaowapokea wakiwa wamevunjika nyonga walianguka usiku wakienda chooni. Taa moja ndogo ya sola kwenye njia hiyo ni nafuu kuliko miezi mitatu kitandani.

Koroboi na kibatari ni hatari. Moshi wake huumiza kifua, moto wake huunguza chandarua na godoro, na chupa ya mafuta ya taa huwavuta watoto. Mtoto akiyanywa, msimtapishe wala msimpe maziwa; mkimbizeni hospitali.

Ila taa nayo ina wakati wake. Mwili una saa yake ya ndani inayorekebishwa na mwanga. Mwanga wa asubuhi huuamsha, na mwanga mkali wa taa au wa simu usiku huuchelewesha kulala. Chumba cha kulala kipate mwanga mwingi mchana na giza usiku.

UNAPOJENGA

1. Usianze kwa mlango wa sebuleni na marumaru. Anza kwa kumwuliza fundi: "Mwanga utaingia wapi?" Kipimo chepesi ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12. Basi kinahitaji dirisha la mita 1 kwa mita 1 na sentimita 20.

2. Pandisha linta. Mwanga huingia chumbani mara mbili hivi ya urefu wa kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Dirisha linaloishia mita 2 huangaza kama mita 4 kwenda ndani. Zaidi ya hapo ni giza.

3. Elekeza madirisha makubwa kaskazini na kusini, na weka upenu mpana. Kwetu jua la mashariki na magharibi huingia likiwa chini na kuleta joto jingi, hasa la alasiri. Dirisha dogo la mashariki linatosha kukupa jua la asubuhi.

4. Weka madirisha pande mbili za chumba inapowezekana, ili hewa ipite. Funga wavu wa mbu. Ukiogopa wezi, weka nondo. Usizibe kwa matofali.

5. Jiko lipate dirisha na mahali pa kutolea moshi. Anayepika humo kila siku ni mama, mara nyingi na mtoto mgongoni.

KAMA UMEKWISHA JENGA

Usikate tamaa. Paka kuta na dari chokaa nyeupe. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaouangukia, na ukuta wa udongo uliofuka moshi huumeza karibu wote. Badilisha bati moja jikoni au ukumbini uweke bati la plastiki linalopitisha mwanga. Punguza matawi yanayoziba dirisha. Funga pazia jepesi, lifunguliwe kila asubuhi. Kwenye umeme, globu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama ule wa globu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo huna sababu ya kubaki gizani kwa kuogopa luku.

Na kama nyumbani kuna mzazi na mtoto mchanga, mpeni chumba chenye mwanga kuliko vyote, hata kama ni cha wageni. Mila ya kumpumzisha mzazi ni nzuri, lakini pumziko lisiwe gizani.

Leo jioni, kabla hujawasha taa, keti katika kila chumba ujaribu kusoma mistari ya mkono wako. Chumba utakachoshindwa, mwulize fundi kesho.

Hadi mwezi ujao, nawatakia afya njema.