Msasa, Mchanga na Chenga: Kuhusu Jina la Kazi ya Kung'oa Kutu

Msomaji wa jarida hili analifahamu vyema neno msasa. Ni mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia majani hayo kulainishia mbao. Karatasi yenye chenga ilipoingia madukani ililirithi jina la mti, kisha nasi wa fasihi tukaliazima: siku hizi hata mswada hupigwa msasa. Makala haya yanahusu kazi iliyo jirani na hiyo ya msasa. Kazi hiyo haijapata jina lililokubalika katika Kiswahili, na jina lililo rahisi kulidaka lina hatari ndani yake.

Mji wa Busia umo katika eneo bunge la Matayos, na Malaba iko kaskazini yake. Malori yanayoelekea Uganda, Rwanda na Kongo hupitia huku, na panapopita malori hapakosi mafundi wa jua kali. Trela ni chuma, na mvua za magharibi ya Kenya hazikihurumii chuma. Anayetaka kuipaka rangi upya fremu iliyoshika kutu huanza kwa brashi ya waya, tupa au msasa. Zana hizi hazifiki vizuri kwenye pembe za maungio, na brashi ya waya ina hila yake: mara nyingi huing'arisha kutu badala ya kuing'oa. Rangi hupakwa, hupendeza, na baada ya masika mawili huanza kubambuka.

Njia iliyo bora ni kupuliza. Kompresa husukuma hewa ndani ya mpira mnene, chenga huingizwa katika mkondo huo kutoka kwenye tangi, na vyote hutoka kwa kasi kupitia mdomo mwembamba. Kanieneo ya hewa hufika baa 7 hivi, takriban mara tatu ya ile ya gurudumu la gari dogo. Kila chenga hukigonga chuma kama nyundo ndogo. Kutu na rangi kuukuu hung'oka, na uso wa chuma hubaki na vishimo vya kina cha mikromita 50 hadi 75 hivi. Vishimo hivyo si kasoro hata kidogo. Ndimo rangi inamojishikiza. Mafuta lazima yaoshwe kwanza, ama sivyo chenga huyashindilia humo humo vishimoni. Nacho chuma kilichopulizwa kiko uchi: katika hewa yenye unyevu kama ya nchi hii iliyo karibu na Ziwa Viktoria, kutu mpya huweza kuonekana katika muda wa saa chache. Kwa hiyo rangi ya kwanza hupakwa siku iyo hiyo.

Mwaka 1870 Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alipata hataza ya njia hii. Alitumia mchanga, nayo lugha ya Kiingereza ikaipa kazi nzima jina la mchanga. Hapo ndipo penye tatizo. Mchanga wa kawaida kwa sehemu kubwa ni kwazi, yaani silika. Punje yake ikigonga chuma hupasuka na kuwa vumbi lisiloonekana kwa macho, nalo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi jembamba kiasi hicho. Uingereza ilikataza matumizi ya mchanga katika kusafishia vyuma vya kalibu kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki nayo ilipiga marufuku mwaka 2009 upulizaji wa mchanga kwenye suruali za jinzi, baada ya vijana waliokuwa wakizichakaza kwa ajili ya mitindo kuugua na kufa. Inasikitisha kwamba suruali ilivaliwa na mmoja na makovu yakabebwa na mwingine. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi dhidi ya vumbi.

Badala ya mchanga hutumika chenga za chuma, ambazo huzolewa na kutumiwa tena mara nyingi. Ganeti, jamaa ya kile kito cha kijani kichimbwacho Taita-Taveta. Na oksidi ya alumini, iliyo ngumu kupita kwazi. Kwa nyuso laini kuna magunzi ya mahindi yaliyosagwa, vifuu vya nazi, hata magadi. Hata hivyo, kutu na rangi ya zamani, hasa yenye risasi, ni vumbi baya vilevile, hivyo kofia yenye hewa safi haiepukiki.

Sasa turudi kwenye jina. Tukitafsiri Kiingereza moja kwa moja tutapata "kupuliza mchanga", na kijana atakayejifunza kazi kwa jina hilo ataelekea mtoni kuchota mchanga, kwa kuwa jina lenyewe limemtuma. Istilahi ya namna hiyo inamwelekeza mtu kwenye kitu kile kile anachopaswa kukiepuka. "Kupiga msasa" nako hakufai, kwa kuwa msasa husugua ilhali hapa chenga hugonga. "Kupiga chenga" kungekaribia, lakini wachezaji wa kandanda wamekwisha kukuchukua, na hawatakurudisha.

Napendekeza "kupuliza chenga". Neno chenga hutaja umbo na ukubwa bila kutaja mada, kwa hiyo humlazimisha msikilizaji kuuliza: chenga za nini? Fundi atajibu chenga za ganeti, za chuma, au za magunzi, na mwenye lori ataweza kuyaandika hayo katika mapatano kabla kompresa haijawashwa. Pale chenga zinapochanganywa na maji ili kupunguza vumbi, tutasema "kupuliza chenga kwa maji". Na kwa mitambo ya viwandani isiyotumia hewa, ambayo gurudumu lake huzitupa chenga kwa mzunguko, kitenzi kibadilike kiwe "kurusha".