Kichwa cha Ujumbe na Wasomaji wa Njiani

Barua rasmi haianzi na shauri lenyewe. Hutanguliwa na maneno yanayowahusu watu wa njiani: nambari ya kumbukumbu kwa ajili ya karani, kisha "kupitia kwa" fulani. Mwalimu wa Sange, katika bonde la Ruzizi, akiwaandikia wakuu wa elimu wa jimbo, barua yake hupita kwanza kwa mkuu wa shule, naye huitia sahihi na muhuri kabla ya kuipeleka mbele.

Ujumbe wa SOAP, ambao kompyuta hutumiana, umejengwa kwa mpango huohuo. Toleo la 1.2, lililoidhinishwa na shirika la W3C tarehe 24 Juni 2003, lina bahasha, na ndani yake kichwa na mwili. Mwili ni wa mpokeaji wa mwisho. Kichwa ni vifungu kadhaa, na kila kimoja chaweza kulengwa kwa kituo chake. Hapa neno "kichwa" lapotosha kidogo, kwani msomaji wa Kiswahili hufikiria kichwa cha habari, kimoja kwa wote. "Vifungu vya njiani" lingekuwa jina la kweli zaidi.

Kituo cha njiani mara nyingi ni basi la huduma, yaani programu inayopokea ujumbe wa mfumo mmoja, kuubadili umbo ikibidi, na kuufikisha kwa mwingine. (Basi hili si gari, ingawa yote mawili asili yake ni neno la Kilatini omnibus, "kwa wote".) Nchini Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao inaendesha mfumo wa aina hii, GovESB, unaounganisha mifumo ya taasisi za umma.

Kanuni ni kali. Kifungu kisicholengwa kwa kituo hupitishwa kama kilivyo. Kilicholengwa kwake hushughulikiwa, kisha huondolewa. Kituo chaweza kuweka kingine mahali pake, kama mkuu wa shule awekavyo muhuri. Kikiwa na alama ya "lazima kieleweke", na kituo hakikielewi, ujumbe wote hukataliwa na hitilafu hurudishwa. Kunyamaza hakuruhusiwi.

Tatizo hutokea pale mtengenezaji anapouchukua mwili peke yake, akaubadili, na kuufunga katika bahasha mpya. Vifungu vyote vimepotea. Wengine, kwa kuogopa hilo, hunakili kila kitu, hata neno la siri lililokusudiwa basi pekee, likafika kwa asiyehusika. Kosa la kwanza ndilo huchelewa kugunduliwa. Kanuni za anwani za W3C za mwaka 2006 huweka kichwani utambulisho wa ujumbe, na jibu hutaja utambulisho huo. Ukidondoshwa njiani, jibu halijui ni la swali lipi; na agizo la malipo lililotumwa tena baada ya mtandao kukatika laweza kupokelewa kama agizo jipya, mshahara mmoja ukalipwa mara mbili.