Mali Isife na Mwenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaisikia mara nyingi, lakini ni wachache wanaoizingatia wakati mwenye duka au mwenye jahazi angali hai na ana nguvu zake. Matokeo yake yanajulikana visiwani kote. Mzee akifariki, biashara aliyoijenga kwa jasho lake huuzwa vipande vipande, na ndugu waliokula sinia moja hukutana mahakamani.

Kwa hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za ukoo mmoja wa Denmark, wenye kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto viitwavyo Lego. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Billund na seremala Ole Kirk Kristiansen. Leo kizazi cha nne ndicho kinachoshika hatamu, na hisa za kiwanda hazijapata kuuzwa katika soko la hisa.

Isidhaniwe kwamba ukoo huo haukupata misukosuko. Mwaka 1960 ghala la vichezeo vya mbao liliteketea kwa moto. Godtfred, mwana wa mwasisi, alikata shauri kuacha mbao na kushika matofali ya plastiki, ambayo hataza yake iliombwa mwaka 1958. Ndugu zake wawili walitoka katika kampuni mwaka 1961, naye akazinunua hisa zao. Kauli ikabaki moja.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2003 na 2004, hasara ilipokitikisa kiwanda. Kjeld, mjukuu wa mwasisi, alikuwa ameongoza tangu mwaka 1979. Mwaka 2004 alimpisha Jørgen Vig Knudstorp, mtu asiye wa ukoo, akawa mkurugenzi mkuu. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya bustani za Legoland iliuzwa ili kiwanda kiokoke. Ukoo uliachia uendeshaji, wala haukuachia umiliki. Hayo ni mambo mawili, na wengi wetu huyachanganya.

Umiliki wenyewe umepangwa hivi. Asilimia 75 ya kiwanda imo mikononi mwa kampuni ya ukoo, KIRKBI, na asilimia 25 ni ya LEGO Foundation, taasisi inayotumia fungu lake la faida kwa maendeleo ya watoto. Kjeld ana watoto watatu, na wote ni wamiliki, lakini katika kila kizazi mmoja hukubaliwa kuwa mbele ya wenziwe. Safari hii ni Thomas, aliyekuwa mwenyekiti wa kiwanda mwaka 2020 na wa KIRKBI mwaka 2023. Makabidhiano hayo yalianza baba yao akiwa hai, wala hayakungojea matanga.

Manufaa ya mpango huo yamefika hata Afrika Mashariki. Mwaka 2019 taasisi hiyo ilitangaza msaada wa dola milioni 100 kwa ajili ya watoto, wakimbizi na wenyeji wao, wajifunze kwa michezo katika Ethiopia na Uganda.

Kwetu sisi mirathi ina sheria zake, nazo ni za kuheshimiwa. Lakini hakuna sheria inayomkataza mzee kuandika hesabu zake, kutenganisha fedha za duka na za nyumbani, kuwashirikisha wanawe wa kiume na wa kike, au kutoa sehemu ya mali yake kuwa wakfu. Jambo hilo la mwisho wazee wetu walilijua tangu zamani.

Twawaomba viongozi wanaohusika wasingojee kesi zifike mahakamani. Maofisa wa biashara na wa wakfu waende madukani na bandarini, wawaeleze wananchi kwa lugha nyepesi namna ya kuandikisha kampuni na kugawana hisa bila ya kuvunja duka. Nao wenye mali wawakalishe watoto wao wazungumze, leo, wakati mwenye kauli yupo.